Chachu Haimwagwi

Bupe aliniletea mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili.

Ndivyo nilivyomlea. Mtoto akimpa mkubwa kitu hutumia mikono miwili, na goti linalegea kidogo. Alikuwa na miaka mitano, na adabu yake ilishajulikana mtaa mzima hapa Lupondwa. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta ulezi. Nikasikia, "Bibi, mfuniko wako huu hapa," nikanyoosha mkono bila kugeuka.

Moto ulinipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga ukelele, mfuniko ukaanguka, ukabingirika uani unafuka mvuke. Ulikuwa umetoka juu ya uji unaochemka.

"Bibi, umeumwa na nyuki?" akauliza.

Nikamshika viganja. Ngozi ilikuwa imejikunja, nyeupe kama utando juu ya maziwa. Mtoto ananitazama kwa macho makavu, anasubiri nimwambie asante.

"Bupe, hukusikia moto?"

"Moto uko wapi, Bibi?"

Nilimkalisha, nikamwagia maji ya baridi, nikamfunga vitambaa safi. Nililia mimi. Yeye alinifuta machozi kwa zile bandeji.

Alikuwa wa tisa mtaani kwetu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa Ambakisye, fundi wa paa za jua, aliyekutwa barazani na vidole vyote vitano ndani ya kikombe cha chai iliyotoka jikoni, anaimba. Tukasema ni utundu. Wa pili tukasema ni bahati mbaya. Alipofika wa sita, watu walianza kupunguza sauti nilipopita, kwa sababu watoto wote sita walikunywa togwa iliyotoka kwenye chungu changu, au kwenye chungu kilichozaliwa na changu.

Nieleze kidogo, maana wako waliokuja duniani baadaye.

Sisi tunaishi mlimani, na ukungu wetu huleta homa. Koo linavimba, mtu anakosa pumzi siku ya tatu. Mwaka ule mbaya ilimchukua mume wangu Jumatatu na mwanangu wa pili, baba yake Bupe, Alhamisi, na jembe la kuchimbia kaburi tuliazimana na majirani kwa zamu. Ndipo wataalamu wakaja na Chanjo ya Chungu. Hakuna sindano, hakuna barafu ya kuhifadhia. Waliichukua chachu, hii hii ya togwa, wakaifundisha kuvaa nguo za homa. Ukinywa, mwili unazizoea zile nguo. Siku mwizi mwenyewe akija amezivaa, anajulikana mlangoni.

Pakiti zililetwa na vindege visivyo na rubani, tuliviita mbayuwayu. Unamimina pakiti kwenye uji uliopoa, unaacha siku mbili, nyumba nzima inanywa. Kila nyumba ilipewa na kijiko chenye jicho kwenye mpini. Ukikichovya, jicho likiwa la kijani chachu iko hai, likiwa jekundu imekufa. Kazi yake ni hiyo tu, tuliambiwa.

Na tangu chungu kile kianze, miaka miwili, homa haikuzika mtu Lupondwa. Hata mmoja. Hilo nalisema kwanza, kabla sijasema mengine, kwa sababu ni kweli.

*

Binti yangu Lugano alikuja Jumatano mchana. Ndiye mtoto wangu wa kwanza, daktari wa chachu katika Idara ya Chungu kule mjini. Yeye ndiye aliyeniomba, miaka miwili nyuma, niwe mwanamke wa kwanza kuipokea pakiti, ili wengine wasiogope. Walinipiga picha nimekumbatia chungu cha marehemu mama yangu, nacheka na pengo langu. Uso huo ukachapwa kwenye kila pakiti, miji arobaini.

Aliingia, na kabla hajanisalimia alimwita Bupe, akampakata, akafungua zile bandeji taratibu. Tangu mtoto akiwa na miaka mitatu walikuwa na mchezo wao. Lugano anagusa kidole kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu yake ya chuma, anauliza, "Huyu anasema nini?" Bupe anajibu, "Huyu anasema baridi," "Huyu anasema anataka ndizi," wanacheka.

Siku hiyo Bupe alisema, "Hawa wamelala wote, shangazi."

Lugano akamfunga tena. Ndipo akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula kwanza."

Nilimpakulia ndizi na maharage. Alipomaliza nikataka kumchangamsha, maana uso wake ulikuwa kama shuka isiyopigwa pasi.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega, mama."

"Mama huzaliwa na mwanawe kila asubuhi."

"Chachu." Alijibu sijafunga mdomo. Nilimfundisha hicho akiwa kimo cha Bupe, siku alipouliza kwa nini hatumwagi mabaki ya chungu. Kwetu hakuna mwanamke anayemwaga. Mabaki ya leo ndiyo mama wa togwa ya kesho. Msichana akiolewa anabeba chachu ya kwao kwenye kibuyu. Mtu akija na kikombe kuomba chachu, hata kama mmegombana, hunyimi na huulizi ya nini. Na mambo ya vitendawili ni hivyo hivyo: mtu akikwambia kitendawili, unamwambia tega. Kunyamaza ni kumwambia kwamba humjui.

"Mama," Lugano akasema, "Jumamosi kuna mdahalo ukumbi wa soko. Miji yote arobaini itatazama. Watu wanataka chanjo isimamishwe."

"Nimesikia kipaza sauti."

"Ikisimamishwa leo, ukungu unaanza wiki tatu zijazo. Unakumbuka baba alivyokufa?"

"Nilikuwa nimemshika kichwa mimi, Lugano. Wewe ulikuwa mjini."

Akainama. "Tumegundua chanzo. Chachu ikipikwa mara nyingi mno inazeeka, inabadilika. Mpaka mara ya saba haina neno. Baada ya hapo inatakiwa kumwagwa, unafungua pakiti mpya. Huku hamkumwaga."

"Nani alituambia tumwage?"

"Imeandikwa kwenye pakiti, mama."

Mimi darasa la saba nililimaliza, na nilikuwa wa pili. Lakini miwani yangu ilivunjika mguu, na maandishi ya pakiti ni ya sisimizi. Nilienda kuangalia ganda la pakiti ninalowekea mbegu za maboga. Nikaona uso wangu, nikaona maneno, sikuona saba.

"Labda limefutika," Lugano akasema. "Mmekuwa mkizitia maji."

Nikamwamini. Ni mwanangu, atasemaje kitu kisicho kweli katika nyumba hii?

"Unataka nifanye nini?"

"Simama Jumamosi. Sema sisi wanawake wa Lupondwa hatukufuata maelekezo. Watu wakijua kosa ni la mapishi, sio la chanjo, hawatamwaga vyungu miji mingine. Wewe wanakupenda. Ni maneno mawili tu."

Maneno mawili. Kwamba nimeviua vidole vya mjukuu wangu kwa kutokusoma.

"Nitasema," nikamwambia.

Alinikumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu. Nikadhani ni shukrani.

*

Ijumaa asubuhi alikuja mkwe wangu Kissa, bibi wa pili wa Bupe, wa upande wa mama yake. Anaishi Itandula, ng'ambo ya mlima, nao wanapika Chanjo ya Chungu kama sisi. Alileta mayai ya kienyeji kumpa pole mtoto, ameyapanga ndani ya ganda la pakiti ili yasipasuke njiani.

"Mkwe, pole. Umekonda."

"Nimekondeshwa na aibu, mkwe wangu." Nikamweleza yote, kwamba kesho nitasimama nitubu mbele ya miji arobaini.

Kissa ni mtu wa maneno makali. "Nyie wa Lupondwa nanyi! Pakiti inakwambia mara saba, wewe unapika mpaka lini? Mpaka chungu kipate mvi?"

"Kwenu mnamwaga?"

"Kwa uchungu! Mara ya kwanza nililia kama msibani. Lakini si imeandikwa? Mwalimu alikuja mpaka nyumbani kutusomea."

"Kwetu hakuja mwalimu."

Alitoa mayai, moja moja, akalinyoosha ganda juu ya meza. Akaniazima miwani yake.

Nikajiona nacheka na pengo langu. Na chini ya kidevu changu, kwa wino mwekundu, maneno ambayo sikuwahi kuyaona: *Ukishapika mara saba, mwaga yote, osha chungu, fungua pakiti mpya. Usigawe chachu iliyozeeka.*

Nikakimbilia ganda langu la mbegu. Uso ule ule. Pengo lile lile. Chini ya kidevu palikuwa peupe, upana wa vidole viwili. Nikapitisha ukucha. Hapakuwa na kitu kilichofutika. Pale hapakuwahi kuandikwa. Nikaenda kwa jirani, nikaenda kwa jirani wa jirani, na Kissa nyuma yangu anahema. Maganda kumi na manne ya Lupondwa. Yote meupe chini ya kidevu changu.

"Kiwanda kimekosea," Kissa akasema. Kisha akanitazama. "Mkwe, mwanao hakukwambia?"

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Mimi nilitaka sana iwe kiwanda.

*

Ukumbi wa soko ulijaa mpaka kwenye meza za nyama. Ukutani waliwasha kioo kikubwa, kimegawanywa visanduku arobaini, kila kisanduku mji mmoja unatutazama. Kila mtu alikuwa na kibao cha kupigia kura, unaweka kidole gumba: chanjo iendelee, au isimame.

Mwenyekiti alikuwa mzee Mwasomola, mwenye subira na kikohozi. Mezani walikaa Lugano na mkubwa wake, Bwana Kihwelo, mkuu wa Idara ya Chungu.

Ambakisye hakungoja aitwe. "Mimi mwanangu anafunga viatu kwa kutazama! Hasikii kamba! Simamisheni leo!"

"Na mimi nimezika watoto wawili kwa homa," mama mmoja akamjibu kutoka kisanduku cha ukutani. "Usinisimamishie chanjo kwa ajili ya vidole, baba. Vidole vinabaki na mtu."

"Vidole vya nani? Vya kwako au vya kwangu?"

"Jamani, jamani," Mwenyekiti akakohoa.

Nami nilimwona kila mmoja wao ana haki. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na hakuna mjinga aliyekuwa mle ndani.

Bwana Kihwelo akasimama, mpole, sauti ya mafuta. Akasema chanjo ni salama ikifuatwa inavyotakiwa. Akasema yaliyotokea Lupondwa yanasikitisha, lakini ni uzembe wa mapishi. "Kwa mfano, na bila kumvunjia heshima mzee wetu, chungu cha Bibi Atuganile kimepikwa mara mia moja na kumi na tatu kutoka pakiti ya kwanza."

Ukumbi ukaguna. Watu wakanigeukia. Lugano aliniangalia kwa macho ya kusihi: sasa, mama.

Nilisimama. Nilikuwa nimekuja na maganda mawili ndani ya kanga, na bado sikujua kama nitayatoa. Usiku na mchana nilijiuliza: nikisema kweli, miji arobaini itamwaga vyungu, ukungu utawakuta watu mikono mitupu. Nikisema uongo, nitawaokoa, na Idara hii itaendelea kuwalisha bila kuwaambia. Lakini nilipoisikia ile hesabu, kitu kilinigonga kichwani. Mia moja na kumi na tatu. Mimi mwenyewe sikuijua.

"Kitendawili," nikasema.

Watu wakashangaa kidogo, halafu wakajibu kwa mazoea, ukumbi mzima na visanduku vya ukutani: "Tega!"

"Nakaa jikoni kwako. Naonja kabla yako. Na ya chungu chako nampelekea mtu usiyemjua."

"Panya!" mmoja akasema. "Mawifi!" akasema mwingine, wakacheka.

Bwana Kihwelo hakucheka.

Nikakitoa kijiko kifuani, nikakiinua, jicho lake la kijani likiwaka. "Hiki. Tuliambiwa kinapima uhai wa chachu tu. Baba, hesabu ya chungu changu umeipata wapi kama si kwake? Kilikuwa kinakuhesabia. Basi mara ya nane ulijua. Mara ya tisa ulijua. Mara ya hamsini umekaa mezani unanitazama ninavyomnywesha mjukuu wangu. Mbayuwayu wako hupita juu ya paa langu kila Jumanne. Ulishindwa kuleta neno moja: mwaga?"

"Maelekezo yalikuwa kwenye pakiti," akasema.

Nikatoa maganda. Mwenyekiti aliyashika yote mawili, akayaweka mbele ya kioo yakawa makubwa kama milango. Mimi na pengo langu, mara mbili. Kulia, Itandula, wino mwekundu. Kushoto, Lupondwa, peupe.

Hata inzi walisikika kwenye meza za nyama.

"Lugano," nikasema. Sikumwita daktari. "Ni kiwanda? Niambie ni kiwanda, mwanangu, nami nitakaa."

Alisimama. Kihwelo alimvuta mkono, yeye akajitoa.

"Si kiwanda, mama."

Akaeleza, anatazama meza. Pakiti hazikutosha miji arobaini. Maabara ilijua chachu inabadilika baada ya mara ya saba, lakini haikujua kama mabadiliko yale yana madhara. Kama hayana, pakiti moja ingetosha nyumba moja maisha yote, na miji mingine mia ingepata. Walihitaji kuona watu wakiipika wanavyopika kweli, bila kuambiwa, maana mtu akiambiwa anabadili mapishi. Walihitaji mji mmoja ambao wanawake wake hawamwagi.

"Na nani aliwaambia kwamba Lupondwa hatumwagi?"

Machozi yalimdondoka mezani. "Mimi."

"Kile kitendawili nilichokufundisha jikoni."

"Ndiyo, mama."

"Ungetuuliza."

"Mngekataa."

"Basi ungekuwa umepata jibu!" Ambakisye akapayuka nyuma. Hakuna aliyemnyamazisha.

Nilihisi kitu kama kile mtoto anachokosa. Ule mkono ulioungua mimi sikuusikia tena. Nikasema, polepole, maana nilikuwa nazungumza na miji arobaini, na pia mtu mmoja.

"Wote mnajua desturi. Ukishindwa kitendawili, unatoa mji. Tunasema nipe mji, wewe unataja wowote, tunacheka, jibu linatolewa. Hawa walitegewa kitendawili: chachu ikipita mara ya saba, inafanya nini? Wakashindwa. Wakatoa mji. Sisi wengine tukitoa, tunataja Mbeya, tunataja Unguja, hakuna anayeumia. Wao wametoa mji wenye watu ndani, na aliyeutaja amezaliwa humo."

Kelele zilipanda. Wengine walianza kutoka, nikajua wanakimbilia vyungu. Watu husikia nusu ya kwanza tu. Nikapanda juu ya kiti, miaka yangu sabini na mbili, Kissa amenishika kiuno.

"Ngojeni! Homa ni ya kweli! Nimezika! Pakiti mpya haijaumiza mtu, ulizeni Itandula. Kilichotuumiza ni uzee wa chachu na uongo wa watu. Mwageni chungu kilichopita saba. Msimwage na mlinzi. Na chanjo isimame, siku kumi na nne, mpaka kila pakiti iwe na lile neno, na mwalimu apite kila nyumba kulisoma, na hawa wawili wasiiguse tena."

"Hata mwanao?" mtu akauliza.

Nilimwona Lugano ananitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza ya shule, nilipomwachia mkono getini.

"Hao wawili," nikasema, nikaweka gumba langu kwenye kibao.

*

Chanjo ilisimama siku kumi na nne. Ilirudi na wino mwekundu, na walimu. Nyumba nyingi ziliipokea. Nyumba thelathini na mbili za Lupondwa hazikuipokea tena, na ya Ambakisye ikiwemo. Alinishukuru, halafu akafunga mlango. Ukungu uliposhuka tulizika watu watatu, mmoja wao mke wake. Yule mama wa kwenye kioo nilimkumbuka siku hiyo. Najiuliza mpaka leo kama ningesema kwa namna nyingine, kama ningeanza na sehemu ya pili. Sina jibu, na sina mji wa kumpa mtu.

Lakini haya yalikuja baadaye. Siku pakiti zilipofika, nilibeba chungu cha mama yangu mpaka kwenye mtaro. Chachu ile ilianza kabla sijazaliwa, watu wa Idara waliikuta na kuivalisha nguo zao tu. Nikaimwaga. Ilitoka nzito, inapumua mapovu, ikashuka na maji ya mvua kama inajua njia. Nikakisugua chungu kwa majivu. Nikapika upya, na kwa mkaa nikachora mstari mmoja ubavuni mwake.

Keshokutwa yake, asubuhi, Lugano alisimama mlangoni. Idara ilikuwa imemfukuza. Alikuwa na kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba chachu."

Chachu hainyimwi mtu, wala haiulizwi ya nini. Nilimjazia. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, goti limelegea, kama nilivyomlea.

"Hiyo ni ya kwanza," nikamwambia. "Hesabu."

Hakuondoka. Alikaa kwenye kile kigoda chake cha zamani, jicho lake kwenye ule mstari wa mkaa. Nami nilikuwa nakumbuka ile kalamu ya chuma. Huyu anasema nini? Miaka miwili nilikaa pembeni nikiwatazama wanavyocheka, nikimshukuru Mungu kwamba mwanangu, pamoja na usomi wake wote, bado anajua kucheza na mtoto.

"Kila ulipokuja," nikasema, "ulikuwa unampima."

"Mwanzoni ulikuwa mchezo tu, mama. Kweli."

"Tangu lini ukawa kitu kingine?"

Maji ya uji yalianza kuchemka, nikageuka kuyakoroga. Nyuma yangu nikasikia anavuta pumzi, na sauti yake ikatoka ndogo, sauti ya kimo cha Bupe.

"Mama. Kitendawili."

Nilikoroga. Uji uliganda, nikaongeza maji, nikakoroga tena.

"Tega!" Bupe akaitikia kutoka uani. Akaja mbio na bandeji zake, akasimama mbele ya shangazi yake, akamwekea mikono miwili magotini. "Tega, shangazi! Mimi nakisikia!"

Lugano akafungua mdomo. Akaitazama ile mikono. Akaufunga.